Je, Wajua? Migingo na sheria ya vita

Hapa Migosi, Kisumu, mbuta akipanda bei, hakosekani mtu kwenye kibanda cha samaki wa kuuliza kwa nini jeshi la Kenya, KDF, halijatumwa Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, kuwatimua polisi wa Uganda. Je, wajua kwamba mgogoro wa mpaka peke yake hauipi nchi yoyote ruhusa ya kupigana? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, Ibara ya 2(4), unakataza hata kutishia kutumia nguvu. Milango iliyoachwa wazi ni miwili: kibali cha Baraza la Usalama, au kujilinda ukishambuliwa kwa silaha, Ibara ya 51.

Je, wajua ya Badme? Mei 1998 wanajeshi wa Eritrea waliutwaa mji huo uliokuwa ukitawaliwa na Ethiopia. Mwaka 2002 tume ya mpaka ikaamua kuwa Badme ni ya Eritrea kweli. Lakini tarehe 19 Desemba 2005, tume ya madai mjini The Hague ikasema Eritrea ilivunja Ibara ya 2(4). Ardhi ilikuwa yake, na kosa lilikuwa lake vilevile. Wanaodai jeshi liende Migingo waisome hukumu hiyo kwanza.

Je, wajua kuwa siku hiyohiyo, mjini humohumo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani kwa kutumia nguvu Kongo? Uganda ilidai inajilinda dhidi ya waasi. Majaji hawakuona ushahidi kwamba serikali ya Kongo ilihusika na mashambulizi ya waasi hao. Mwaka 2022 Uganda iliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 325.

Je, wajua kuwa anayejilinda hulazimika kuliarifu Baraza la Usalama mara moja? Kenya iliandika barua Oktoba 2011, majeshi yake yalipoingia Somalia kuwaandama Al-Shabaab.

Je, wajua kuwa Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 240(8), inataka Bunge liidhinishe kabla ya vikosi vyetu kutumwa nje ya nchi?

Kwa hiyo mgombea akija Migosi na ahadi ya kupeleka wanajeshi kwenye kile kisiwa cha mawe na mabati, muulize kazi ya wapimaji wa pamoja wa Kenya na Uganda, iliyoanza 2009, imefikia wapi.