Chama cha Raia Kinachoutetea Mji wa San Francisco

Katika miji mingi mambo ya mji huamuliwa na watu wa namna mbili: wajumbe wa halmashauri waliochaguliwa kwa kura, na mainjinia na wapimaji wanaolipwa mshahara. Katika San Francisco, mji mkubwa wa bandari ulioko pwani ya magharibi ya Marekani, wako pia watu wa namna ya tatu. Hao ni raia waliojiunga pamoja katika chama kiitwacho SPUR. Wanachama hutoa ada kila mwaka, kama watoavyo wakulima katika chama cha ushirika, lakini chama hiki hakiuzi kahawa wala maziwa. Kazi yake ni kuchunguza habari za nyumba, usafiri, maji na kodi, kisha kusema mbele ya watu wote ni jambo gani lifaalo kufanywa. Si idara ya serikali, wala si chama cha kugombea vyeo.

Mwanzo wake ni msiba. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili, 1906, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji huo, na mara moto ukazuka. Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka, na wazima moto hawakuwa na maji ya kutosha. Moto uliwaka siku tatu. Watu wapatao 3,000 walikufa, majengo zaidi ya 28,000 yaliharibika, na katika wenyeji 400,000 zaidi ya nusu walibaki bila nyumba. Maelfu walilala katika mahema kwenye bustani za mji. Majira ya baridi yalipokaribia, maseremala walijenga vibanda vya mbao 5,610, vikapakwa rangi ya kijani vifanane na majani ya bustani. Aliyekaa humo alilipa dola 2 kwa mwezi, na alipotimiza dola 50 kibanda kilikuwa mali yake. Wengi walivifunga vibanda hivyo juu ya magari ya farasi, wakavipeleka katika viwanja vyao. Na vichache vimesimama hata leo, watu wakiishi ndani yake.

Lakini si kila mtu aliyepata kiwanja. Wenye nyumba za kupangisha walijenga upesi upesi, wakibana vyumba vingi mahali padogo, vingine bila dirisha la kuingiza hewa wala mwanga. Ndipo mwaka 1910 raia kadha wa kadha wakaunda Chama cha Nyumba cha San Francisco. Miongoni mwao walikuwamo Bibi Alice Griffith, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi pamoja na maskini wa mtaa wa Telegraph Hill, na Daktari Langley Porter. Hawakuwa na mamlaka yo yote. Walichoweza ni kuchunguza hali ya nyumba, kuandika taarifa kali juu ya waliyoyaona, na kuipeleka kwa watunga sheria. Mwaka 1911 jimbo la California lilitunga sheria juu ya nyumba za kupangisha, na taarifa hiyo ilikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Si kazi ndogo kwa watu waliokuwa na karatasi na wino tu.

Baadaye chama kilipanua shughuli zake, na mwaka 1942 kikaitwa Chama cha Mipango na Nyumba. Kisha mwaka 1959 kilijengwa upya, kikaitwa Chama cha Mipango na Kuufanya Mji Upya, na herufi za kwanza za jina hilo kwa Kiingereza ndizo SPUR. Maneno hayo ya "kuufanya mji upya" yalileta maafa kwa watu wengi.

Wakati ule Serikali ya Marekani ilitoa fedha nyingi kwa miji iliyotaka kubomoa mitaa iliyohesabiwa kuwa mibovu na kujenga mingine. Katika San Francisco mmoja wa mitaa iliyochaguliwa ni ule wa Western Addition. Mwaka 1942, wakati wa vita, Wajapani waliokaa humo walikuwa wamehamishwa kwa amri ya Serikali na kuwekwa makambini, ingawa wengi wao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Nyumba zao zilipobaki tupu, waliingia Wamarekani Weusi waliokuja kutoka majimbo ya kusini kutafuta kazi katika viwanda vya kujengea meli. Mwaka 1940 Weusi wa San Francisco hawakufika 5,000; mwaka 1950 walizidi 43,000. Barabara ya Fillmore ikawa na maduka yao, makanisa yao, vinyozi wao, na kumbi za muziki zilizojulikana nchi nzima.

Nyumba nyingi za mtaa huo zilikuwa za zamani na zimejaa watu kupita kiasi. Hilo ni kweli. Lakini mtaa mbovu ni mtaa wenye watu, na ulipobomolewa watu hao walitawanyika. Kazi ilianza katika miaka ya 1950, ikaendelea kwa nguvu chini ya Justin Herman, aliyekuwa mkuu wa idara ya kujenga mji upya tangu 1959 mpaka alipokufa mwaka 1971. Maelfu ya jamaa waliondolewa. Wenye maduka walifunga biashara. Wengi walipewa vyeti vya kuwa wa kwanza kurudi nyumba mpya zitakapokwisha, lakini viwanja vingine vilikaa vitupu miaka na miaka, na wenye vyeti wakapata makao kwingine, au wakafa.

Na chama cha raia kilikuwa wapi? Sheria ilitaka raia washirikishwe katika mipango ya namna hiyo, na SPUR ndiyo iliyotambuliwa kuwa sauti ya raia. Nayo iliunga mkono ubomoaji. Wanachama wake wengi walikuwa wafanya biashara, wachora ramani za majengo na watu wenye elimu, waliotaka kwa moyo mweupe mji wao uendelee. Ila waliokuwa wakiishi Fillmore hawakuwa wengi mezani pao. Basi watu wa mtaa wakaunda chama chao wenyewe mwaka 1967, wakaenda mahakamani, na mwaka 1968 hakimu akaamuru kazi isimame mpaka idara ioneshe jinsi itakavyowapatia makao waliohamishwa. Kazi iliendelea baadaye, lakini tangu siku ile idara haikuweza tena kuwapita wenyeji kana kwamba hawapo. Katika miaka ya 1970 SPUR ililibadili jina lake: neno la kufanya upya likatolewa, likatiwa neno la utafiti, na herufi zikabaki zile zile.

Yako mambo ambayo mji mzima unakishukuru chama hiki. Mwaka 1972 Serikali ya Marekani ilitenga nchi kubwa ya pwani, pande zote mbili za daraja la Golden Gate, iwe hifadhi ya watu wote, na SPUR ilikuwa miongoni mwa walioisukuma kazi hiyo. Tena iko kazi ambayo karani ye yote angeithamini. Huko California wananchi hupiga kura si kwa kuchagua watu tu, bali hata juu ya sheria na mikopo ya mji, na pengine karatasi moja ya kura ina maswali zaidi ya kumi, yaliyoandikwa kwa lugha ya mawakili. SPUR huyasoma yote, hueleza kila moja maana yake na gharama yake, hutaja hoja za pande zote mbili, ndipo huonesha kura yake yenyewe. Asiyekubaliana nao husoma maelezo, kisha hupiga kura kinyume.

Siku hizi ubishi mkubwa ni kodi za nyumba, ambazo katika San Francisco ni miongoni mwa zile za juu kabisa katika Marekani. Chama hushikilia kwamba nyumba ni chache mno, na kwamba dawa ni kujenga nyingi zaidi, hasa karibu na stesheni za reli. Wapinzani wake, ambao wengi ni wapangaji na watu wa mitaa ya zamani, hujibu kwamba nyumba mpya huwa za matajiri, na kwamba chama kinachopokea michango ya makampuni hakiwezi kuwa huru kama kisemavyo. Kila upande una hesabu zake, na mara nyingi katika mikutano hiyo jina la Fillmore hutajwa. Vyeti vya zamani navyo havijafa: mwaka 2021 jimbo la California lilitunga sheria ya kuwaruhusu wazao wa watu waliohamishwa wavitumie kuomba nyumba mahali pa wazee wao.