Mkataba wa Mkopo Uandikwe kwa Lugha ya Mkopaji

Hapana shaka kwamba mojawapo ya mabadiliko makubwa yaliyoyagusa maisha ya kina mama wenye kipato cha chini nchini mwetu, katika muda wa miaka arobaini hivi iliyopita, ni kuenea kwa mikopo midogo midogo. Mama auzaye mboga sokoni, msusi wa vyondo na mchuuzi wa samaki, ambao zamani hawakuthubutu hata kuukaribia mlango wa benki, siku hizi hufuatwa na afisa wa mikopo hadi pale walipo. Jambo hili halikuzuka lenyewe kama uyoga. Limeletwa na juhudi za wataalamu: mawakili, wahasibu, wanauchumi na wafanyakazi wa benki walioamini kwamba mwanamke maskini ni mteja wa kutegemewa. Sifa hizo wanazistahiki.

Hata hivyo, mimi nikiwa mwalimu wa isimu nina hoja moja ambayo naona haijapewa uzito wake. Wataalamu hawa wameufikisha mkopo kwa mama maskini, lakini hawajamfikishia mkataba wake. Fedha humfikia kwa Kiswahili, ama kwa Kikamba, Kijaluo au Kigiriama. Masharti ya fedha hizo aghalabu husalia katika Kiingereza cha mahakamani.

Tuanze na historia. Mwaka 1975 wanawake kutoka pembe nyingi za dunia walikutana mjini Mexico City katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Kutokana na mazungumzo ya huko, lilizaliwa mwaka 1979 shirika la Women's World Banking. Miongoni mwa waasisi wake walikuwa Esther Ocloo, mfanyabiashara wa Ghana. Ela Bhatt, wakili wa India. Na Michaela Walsh, mtaalamu wa fedha kutoka Marekani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1981, wanawake wataalamu wa hapa kwetu waliunda Kenya Women Finance Trust. K-Rep ikafuata mwaka 1984. Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia biashara ya mikopo midogo mwaka 2006, na mwaka 2010 shirika lile la wanawake likapata leseni ya kupokea amana za umma.

Kikwazo kikubwa walichokabiliana nacho wataalamu hawa kilikuwa dhamana. Benki ilitaka hatimiliki ya shamba, nayo hatimiliki mara nyingi ilikuwa na jina la mume au la baba mkwe. Suluhisho lilikuwa kukifanya kikundi chenyewe kiwe dhamana: wanawake kadhaa wakutane kila juma, waweke akiba, na kila mmoja amsimamie mwenziwe. Lakini wazo hili wataalamu hawakulibuni. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanawake wa Kenya ya kati walikuwa wakichanga fedha kwa zamu ili kuezekeana nyumba kwa mabati, hata vikundi vyao vikajulikana kwa jina hilo la mabati. Mchango wa zamu ambao sisi huuita chama, na ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita upatu, ulikuwapo kabla ya afisa yeyote wa mikopo kupanda pikipiki kwenda kijijini. Wataalamu waliazima wazo kutoka kwa kina mama. Kasoro ni kwamba hawakuazima na lugha.

Walimu na wanafunzi watakaosoma makala haya huenda wakauliza: je, jambo hili lingewezekana? Liliwezekana kwingineko. Mwaka 1974, mjini Ahmedabad, wanawake wapatao 4,000 wa chama cha SEWA, wachuuzi na vibarua, walichanga rupia 10 kila mmoja na kuanzisha benki yao ya ushirika. Kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, benki ilitumia picha kuwatambulisha wateja wake. Nchini Bangladesh, Muhammad Yunus, aliyekuwa profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, alianza mwaka 1976 kwa kutoa dola 27 kwa watu 42 wa kijiji cha Jobra. Mradi huo ukawa benki kamili, Grameen, mwaka 1983. Huko wanachama wapya walifundishwa kanuni kwanza, kisha wakaulizwa maswali kwa mdomo, na kikundi hakikutambuliwa mpaka wayajibu. Mtihani huo haukuwa wa Kiingereza.

Sasa turejee kwetu. Miezi michache iliyopita, mama mmoja auzaye nyanya katika soko la Kongowea, Mombasa, aliniletea mkataba wake nimsomee. Alikuwa ameutia sahihi zamani. Alichotaka kujua ni kwa nini cherehani yake imechukuliwa, ilhali mkopo wake mwenyewe alikuwa ameulipa hadi senti ya mwisho. Mkopeshaji simtaji. Mkataba ulikuwa na kurasa sita za Kiingereza. Katika ukurasa wa nne palikuwa na sentensi moja ndefu iliyosema kwamba kila mwanachama wa kikundi anawajibika kwa madeni ya wote, akiwa peke yake na akiwa pamoja na wenziwe, na kwamba mali yake yaweza kuuzwa ili kuyalipa. Mwenzao mmoja alikuwa amehama mji na deni lake.

Nilipomfafanulia sentensi hiyo, mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilimdhamini yule kwa tabia yake. Nilisema ni mtu mwaminifu, na alikuwa mwaminifu. Sikujua nimedhamini deni."

Kauli hiyo inastahili kufikiriwa na kila mwanafunzi wa lugha. Neno dhamini lina maana zaidi ya moja. Katika mazungumzo ya kila siku, kumdhamini mtu ni kumshuhudia, kusema kwamba unamjua na hana doa. Katika sheria ya mikopo, ni kulibeba deni lake pindi atakaposhindwa. Afisa alitamka neno katika maana ya pili, mama akalisikia katika maana ya kwanza, na hakuna aliyesema uongo. Mama yule alijua vyema kwamba wanachama huchangiana mmoja anapokwama juma moja. Hakujua kwamba cherehani iliyo nyumbani kwake, inayomlishia wajukuu, imo ndani ya neno hilo.

Neno riba nalo lina matata yake. Kwa Mwislamu, riba ni jambo lililoharamishwa, na nimewasikia maafisa wakilikwepa neno hilo katika mikutano ya vikundi hapa pwani na badala yake kusema faida. Lakini kwa mchuuzi, faida ni kile kinachobaki mkononi mwake baada ya kuuza. Akiambiwa kwamba faida ni asilimia 20, afahamu nini?

Hata pale riba inapotajwa waziwazi, namna ya kuihesabu hubaki fumbo. Tuseme mama amekopa shilingi 12,000 kwa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 20. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, atalipa riba ya shilingi 2,400, yaani shilingi 1,200 kila mwezi pamoja na sehemu ya deni. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya salio linalopungua kila anapolipa shilingi 1,000 za deni, riba yote itakuwa shilingi 1,300 tu. Asilimia ni ile ile na mkopo ni ule ule, lakini tofauti ni shilingi 1,100. Kwa hakika, anayelipa kwa njia ile ya kwanza anatozwa takriban asilimia 35 kwa mwaka juu ya fedha alizo nazo mkononi. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha tatu aiweza. Tatizo ni kwamba anayeiweza hayupo kwenye mkutano wa kikundi, na aliyepo kwenye mkutano hakupewa maneno ya kuulizia.

Gharama ya kutojua imekwisha kuonekana. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, ambako mikopo hii ilienea kwa kasi kubwa, habari za wakopaji waliojiua kwa sababu ya madeni ziliifanya serikali ya jimbo itoe amri kali Oktoba 2010. Moja ya masharti yake lilikuwa kwamba kila mkopeshaji abandike kiwango chake cha riba mahali panapoonekana na watu wote. Isitoshe, tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zilionyesha kwamba mikopo midogo husaidia kwa kiasi, wala haiwatoi watu wengi katika umaskini kama ilivyokuwa ikihubiriwa. Maadamu manufaa yake ni ya wastani, bei yake haina budi kujulikana barabara. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa kazi hii. Dai hilo halina mashiko. Dhamana, rehani, amana, hawala, hundi, riba na salio ni maneno ya biashara yaliyozoeleka katika Kiswahili. Katika karne ya 19, Tippu Tip alipoandaa misafara yake ya bara, aligharimiwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Biashara ya misafara, hata ile chafu ya kuuza watu, iliendeshwa kwa mikopo iliyojadiliwa kwa lugha hii. Lugha iliyoyamudu madeni ya misafara haishindwi na deni la mama mboga.

Wengine watasema kwamba ni Kiingereza pekee chenye nguvu mbele ya sheria. Nawajibu kwa Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Habari zilizofungwa katika lugha asiyoisoma mtu hajapewa.

Nakiri kwamba mkopo mbaya ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu utabaki kuwa mkopo mbaya. Nakiri pia kwamba wapo kina mama ambao Kiswahili cha vitabuni kitawatatiza karibu sawa na Kiingereza. Ndiyo maana sipendekezi tafsiri ya kurasa sita. Napendekeza ukurasa mmoja, kwa maneno ya kawaida, unaojibu maswali manne: nitapokea shilingi ngapi mkononi, nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla, riba inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya salio, na mwenzangu akishindwa kulipa, mimi nitapoteza nini. Ukurasa huo usomwe kwa sauti mbele ya kikundi, kwa lugha ya mama inapobidi, na wanachama wayaeleze masharti kwa maneno yao wenyewe kabla ya yeyote kutia sahihi.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuuingiza mkataba wa mkopo katika somo la ufahamu, badala ya kuuachia uandishi wa barua za maombi ya kazi peke yake. Walimu wa hisabati wanaweza kulitumia deni la mama wa sokoni kufundishia riba, na kumtaka mwanafunzi alifafanue jibu lake kwa Kiswahili, kana kwamba anamweleza nyanya yake. Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtaajiriwa siku moja kuwa maafisa wa mikopo, wahasibu na mawakili. Mtapewa fomu na kuambiwa idadi ya sahihi mnazotakiwa kuzileta kila mwezi.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lipo, tena limepigwa chapa vizuri, lakini mwenye mali hawezi kulisoma. Kazi iliyobaki ya wataalamu wetu ni kumwezesha alisome.