Mama ana virusi, mtoto ni mzima. Kwa nini?

Wazee wa Muleba na Bukoba hawajausahau mwaka 1983. Mwaka huo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walionekana hapa Kagera. Ugonjwa haukuwa na jina. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Wengine walisema ni kurogwa.

Mwaka 1987 Dakta Japhet Killewo wa Muhimbili na wenzake walipima damu za watu wazima mjini na vijijini. Bukoba mjini, katika kila watu 100, watu 24 walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba walikuwa 10. Wengi walikuwa katika umri wa kuzaa. Basi likaja swali zito: watoto wao je?

Mmoja wa waliolitafutia jibu swali hilo ni mwanamke wa Ufaransa, Françoise Barré-Sinoussi. Alizaliwa Paris mwaka 1947. Utotoni alipenda kutazama wadudu kwa saa nyingi. Alifikiria kusomea udaktari, lakini masomo hayo ni marefu na ya gharama, naye hakutaka kuwalemea wazazi wake. Akasoma sayansi ya viumbe. Alipotaka kujifunza kazi ya maabara, alibisha milango mingi. Mwishowe Taasisi ya Pasteur ilimpokea, afanye kazi bila mshahara. Alikubali.

Mwanzoni mwa mwaka 1983 yeye na wenzake walichukua kipande cha tezi ya mgonjwa, wakakitunza maabarani. Humo wakakiona kirusi kinachoua chembe za damu zinazokinga mwili. Kwa kazi hiyo, mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake, Luc Montagnier.

Kirusi hufanyaje kazi? Ndani ya chembe za mwili wako mna maagizo yaitwayo vinasaba. Ndiyo yanayomfanya mtoto afanane na babaye au shangazi yake. Kirusi cha UKIMWI huingia ndani ya chembe na kuchomeka maagizo yake katikati ya yale ya mwenye mwili, kama mtu anayeingiza karatasi yake kwa siri katika daftari la kijiji. Kuanzia hapo chembe humzalia mgeni.

Katika miaka ya 1990 mama huyu na wenzake walichunguza pia kondo la nyuma, lile ambalo mkunga hulikagua kama limetoka lote. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki tumboni. Kondo liko katikati. Chakula hupita, lakini virusi mara nyingi huzuiliwa. Hatari huwa kubwa zaidi mwishoni mwa mimba, wakati wa uchungu, na wakati wa kunyonyesha. Ndiyo maana hata bila dawa yoyote, katika watoto 100 wa akina mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 tu ndio huambukizwa. Wako wakwe wanaomwambia mama kwamba mtoto wake ni wa kufa tu. Hawasemi kweli.

Jibu la dawa lilipatikana jirani yetu. Mwaka 1999 Profesa Francis Mmiro, daktari wa uzazi wa Mulago, Kampala, pamoja na wenzake wa Uganda na Marekani walitoa habari kubwa. Walimpa mama kidonge kimoja cha nevirapini uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa matone machache. Wengine walipewa dawa ya zamani. Baada ya miezi mitatu hivi, watoto 25 katika kila 100 wa dawa ya zamani walikuwa wameambukizwa. Wa nevirapini walikuwa 13.

Siku hizi kidonge kimoja hakitoshi. Mama mjamzito mwenye virusi huanza dawa mara moja, naye huzimeza kila siku maisha yake yote. Mtoto hupewa dawa yake. Mama akifanya hivyo, huweza kunyonyesha, na watoto wanaoambukizwa hawafiki 5 katika 100. Mume naye aende kliniki kupimwa. Mke akipata virusi akiwa mjamzito au akinyonyesha, hatari kwa mtoto huwa kubwa sana.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kipimo cha kawaida hakitafuti virusi. Hutafuta askari wa mwili wanaopigana navyo. Mtoto huzaliwa na askari wa mama yake, na huweza kukaa nao mpaka miezi 18. Kwa hiyo kipimo hicho huweza kuonyesha kwamba mtoto ana virusi, kumbe hana.

Mpeleke mtoto kliniki akitimiza wiki sita. Muuguzi atamchoma kisiginoni, atadondosha damu kwenye kadi ya karatasi, ataikausha na kuipeleka maabara kubwa. Huko watatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Uliza siku ya kurudi kuchukua majibu, na mtoto aendelee na dawa zake.