Si kila mtoto aliye kimya ni mkaidi

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Sisi walimu tumeigeuza methali hiyo kuwa hati ya kuturuhusu kushika kiboko. Tunapoitamka mbele ya wazazi siku ya mkutano, hakuna anayeuliza iwapo samaki wote hukunjika kwa namna moja. Leo ningependa kuliuliza swali hilo, na sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wa 2003, nikingoja kujiunga na chuo kikuu, nilifundisha katika shule moja ya msingi. Huo ndio mwaka ambao elimu ya msingi ilianza kutolewa bila malipo, na darasa langu lilifurika watoto zaidi ya 80. Miongoni mwao alikuwamo mvulana ambaye hakunitazama usoni hata siku moja. Nilipomwuliza, "Jana ulikuwa wapi?" alijibu, "Wapi, wapi, wapi," huku akipunga viganja na kuangalia dirishani. Wenzake walicheka. Mimi niliona kejeli. Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku shuleni miaka miwili kabla ya hapo, lakini nilimchapa, tena si mara moja.

Siku moja mamake alinijia. Hakunigombeza, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Alisema tu, "Mwalimu, mwanangu husikia. Ila jibu lake huchelewa njiani." Nikamwitikia kwa adabu, "Nimekuelewa, mama," ilhali sikuwa nimeelewa lolote. Muhula uliofuata mtoto hakurudi.

Mvulana yule hakupimwa na daktari yeyote, kwa hivyo sithubutu kuipa hali yake jina. Lakini maneno ya mamake yalinirudia miaka mingi baadaye, niliposoma habari za kile ambacho sayansi imegundua kuhusu seli za ubongo. Waama, zipo hali ambazo ndani yake ujumbe huharibikiwa njiani, kabla hata haujafika ulimini.

Msomaji wa isimu atafurahi kujua kwamba wanabiolojia, walipotafuta maneno ya kuelezea kazi ya jeni, walikuja kuazima kwetu. Wao pia husema kuna unukuzi na kuna tafsiri. Ndani ya kiini cha kila seli mna DNA, ambayo ni mfano wa kitabu kikuu kisichoruhusiwa kutoka maktabani. Seli inapohitaji ukurasa mmoja, huunakili katika umbo la RNA. Nakala hiyo hutoka nje ya kiini, ikafika penye mitambo midogo iitwayo ribosomu, na hapo ikatafsiriwa kuwa protini. Protini ndizo zinazojenga mwili na kuuendesha.

Katika seli nyingi safari hiyo ni fupi. Seli ya neva ni tofauti. Ina matawi mengi kama mkuyu, na kwenye matawi hayo hupatikana maelfu ya sinapsi, yaani sehemu ambapo seli moja hupokezana habari na nyingine. Kila sinapsi huweza kuimarishwa au kulegezwa peke yake, na huko kuimarika na kulegea ndiko tunakokuita kujifunza. Je, protini za kuiimarisha sinapsi moja iliyo mbali zitafikaje huko kwa wakati? Mwaka wa 1982 wanasayansi wawili, Oswald Steward na William Levy, walionyesha kwamba ribosomu zimejipanga papo hapo karibu na sinapsi. Maana yake ni kwamba seli ya neva haingoji kila kitu kitoke makao makuu. Huzituma nakala za RNA hadi matawini, zikatunzwa huko, kisha zikatafsiriwa mahali pale pale panapohitajika na wakati ule ule zinapohitajika.

Hapo ndipo penye siri kubwa. Barua ikifika mapema haipaswi kusomwa mapema. Lazima awepo mlinzi wa kuifumba mpaka ishara itolewe. Mmoja wa walinzi hao ni protini iitwayo FMRP. Hushikamana na mamia ya aina za RNA katika seli za neva na kuzizuia zisitafsiriwe ovyo. Sinapsi inapoamshwa, kizuizi hulegezwa na tafsiri ikaanza. Mlinzi huyu asipokuwapo, protini hutengenezwa kwa wingi na bila mpangilio. Ubongo wa watu waliomkosa, ulipochunguzwa baada ya kufa kwao, ulionekana kuwa na vichomozo vya sinapsi vilivyo vingi, virefu na vyembamba, kama vile vya ubongo ambao bado haujapevuka.

Hali hiyo ya kumkosa mlinzi madaktari huiita Fragile X, nasi twaweza kuiita X tete, kwa kuwa chanzo chake kimo katika kromosomu X. Ndiyo hali ya kurithiwa inayosababisha ulemavu wa akili kwa wingi kuliko nyingine zinazojulikana, na ndiyo jeni moja inayojulikana kuchangia visa vingi zaidi vya usonji. Hukadiriwa kumpata takriban mvulana 1 kati ya 4,000 hadi 7,000. Wasichana huipata kwa uchache zaidi, na aghalabu kwa makali madogo, kwa sababu wana kromosomu X ya pili inayowafidia kwa kiasi.

Historia yake ni fupi. Mwaka wa 1943, Martin na Bell wa Uingereza waliandika habari za ukoo mmoja ambamo ulemavu wa akili uliwapata wanaume huku ukipitia kwa wanawake. Mwaka wa 1969, Herbert Lubs aliona kwa hadubini kromosomu X iliyoonekana kama inayotaka kukatika nchani. Hatimaye, mwaka wa 1991, jeni yenyewe iligunduliwa, ikapewa jina FMR1.

Kosa lililopatikana ndani ya jeni hiyo litamshangaza mwanaisimu. Halikuwa neno lililoandikwa vibaya. Lilikuwa uradidi. Mwanzoni mwa jeni hiyo herufi tatu, C, G na G, hurudiwarudiwa. Watu wengi wana marudio yapatayo 30, wala hawadhuriki. Sisi tunajua kwamba uradidi una nafasi yake katika lugha: "pole" si sawa na "polepole", na "piga" si sawa na "pigapiga". Lakini marudio ya CGG yakizidi 200, seli huibandika jeni hiyo vialama vya kikemia na kuifunga kabisa. Ukurasa haunukuliwi tena. RNA yake haiandikwi, na FMRP haitengenezwi. Kwa hiyo mtoto hakosi mlinzi kwa sababu mlinzi ni mgonjwa. Humkosa kwa sababu barua ya kumwajiri haikutumwa.

Kati ya 55 na 200 yapo marudio ya kiwango cha kati. Mwenye nayo huwa na akili timamu, aghalabu bila kujua amebeba nini. Hata hivyo, baadhi ya wanaume wa kundi hili huanza kutetemeka na kuyumba wanapofikia uzee, na baadhi ya wanawake hukoma hedhi mapema. Mama wa kundi hili anapomrithisha mwanawe kromosomu hiyo, marudio huweza kuongezeka yakapita 200. Baba naye huwarithisha binti zake wote, lakini kwake marudio hayaruki kufikia kiwango hicho kikuu.

Naomba tulitafakari jambo hilo. Ni mara ngapi mama wa mtoto kama huyu hunyoshewa kidole, akaambiwa kwamba amelaaniwa, au kwamba ukoo wao una mkosi? Huenda kromosomu hiyo aliipata kwa babake, mzee aliyeheshimika kijijini na ambaye hakuugua kamwe. Hakuna aliyekosa hapa. Kumwaibisha mama kwa herufi tatu asizoziandika ni dhuluma.

Je, hakuna dawa? Mwaka wa 2004 wanasayansi walitoa nadharia kwamba, maadamu kizuizi cha tafsiri kimetoweka, huenda ikafaa kuituliza ishara inayoiamsha. Panya wa maabara walipata nafuu, na matumaini yakapaa. Lakini dawa zilizofuata njia hiyo zilipojaribiwa kwa watu, hazikuleta nafuu iliyotarajiwa, na mwaka wa 2014 kampuni ya Novartis ilisitisha mradi wake. Utafiti unaendelea, ila hadi leo haijapatikana tiba ya kuiondoa hali hii. Zipo dawa za kupunguza wasiwasi, mapepe na kifafa, na upo msaada wa wataalamu wa usemi. Lakini kazi kubwa kuliko zote hufanyika nyumbani na darasani.

Ndipo nasema na walimu wenzangu. Mtoto mwenye X tete hukwepa macho yako kwa sababu kutazamwa humjaza wasiwasi, wala si kwamba amekudharau. Hurudia maneno yako kwa sababu ulimi wake unatafuta pa kushika. Makelele, msongamano na mabadiliko ya ghafla humtaabisha. Maelezo marefu ya hatua kwa hatua humpotea, na hesabu humlemea. Kwa upande mwingine, wengi wao huiga vyema, hukumbuka walichokiona, na huelewa kitu kinapoonyeshwa kizima. Basi mpe picha, mpe ratiba isiyobadilikabadilika, mketishe pasipo na fujo, muulize swali fupi. Kisha ngoja. Kungoja sekunde 10 kunaweza kukuletea jibu ambalo fimbo haitalileta kamwe, kwani hofu humzidishia wasiwasi ule ule uliomfunga kinywa.

Sisemi kwamba kila mtoto mzito wa kujibu ana X tete. Wapo wasiosikia vizuri, wapo wenye njaa, wapo wenye huzuni za nyumbani, na wapo watundu wa kawaida. Kipimo cha DNA pekee ndicho kinachoweza kuthibitisha hali hii. Lakini mwalimu hahitaji maabara ili aache kuchapa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamkataza. Aidha, vipo vituo vya kutathmini mahitaji ya watoto, ambavyo walimu wengi huvijua kwa kifupi EARC, vilivyoanza humu nchini mwaka wa 1984. Mzazi akielekezwa huko mapema, mtoto huokolewa miaka ya matusi.

Kwa wanafunzi wa isimu nina ombi pia. Utafiti mwingi kuhusu usemi wa watoto hawa umefanywa miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza. Je, mtoto anayetatizwa na mfuatano hulimudu vipi neno kama "hatukuwapigia", ambalo hubeba ukanushi, mtenda, wakati, watendewa na kauli, vyote kwa mpangilio usiovunjwa? Swali hilo halitajibiwa na mtu asiyejua sarufi ya Kiswahili. Ni letu.

Sayansi imetufundisha kwamba kumbukumbu ya kudumu huhitaji protini mpya, na kwamba baadhi ya hizo hutengenezwa pale pale sinapsi ilipoguswa. Kila somo tunalofundisha huacha chapa yake katika matawi ya seli za mtoto, na kila kipigo vilevile. Mvulana wangu wa 2003 sasa ni mtu mzima, popote alipo. Sijui anakumbuka nini kunihusu, lakini nachelea kwamba ninajua. Mamake aliniambia jibu lilikuwa njiani, nami sikuwa na subira ya kulipokea. Wewe uliye na kipindi kesho asubuhi, bado unayo nafasi ya kungoja.