Wati 12,000 za kwenye boksi hazipo

Swali ni lile lile, kinachobadilika ni saizi ya TV tu. Zamani lilikuja na inchi 32, sasa linakuja na inchi 65: “Fundi, TV nimeshavuta, sasa nichukue sabufa ya wati ngapi ili sebuleni pawe kama sinema?” Nikiuliza unakaa umbali gani kutoka kwenye kioo, sijibiwi. Nikiuliza sakafu ni vigae vitupu au ina zulia, naonekana namzungusha mtu. Anachotaka ni wati. Basi leo tuzimalize hizo wati, mengine tutayapitia mbio mbio.

Kwenye maboksi ya sabufa yaliyopangwa Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, utakuta 8,000, 12,000, hata 20,000. Pembeni ya namba, kwa herufi ndogo, pameandikwa PMPO. Achana na boksi. Mwambie muuzaji aitoe sabufa, aigeuze, usome lebo iliyobandikwa nyuma, karibu na unapotokea waya wa umeme. Utaona volti 220 hadi 240, hezi 50, halafu namba ambayo boksi halikuitaja: wati 40, au 60, au 100. Hicho ndicho sabufa inachokula kutoka ukutani, na hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Tena sehemu ya hizo 60 inaishia kuwa joto kwenye transfoma na kwenye IC kabla hata spika haijasikia kitu.

Mtu akibisha, namletea hesabu. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230, hiyo ni wati zisizotimia 3,000. Sabufa inayotumia wati 12,000 ingevuta ampea 52. Soketi yako ingeungua kabla muziki haujaanza, na wewe umeichomeka kwa waya mwembamba wa miguu miwili. Halafu kuna LUKU, mita yetu ya umeme. Wati 12,000 kwa saa moja ni uniti 12, filamu ya saa mbili ni uniti 24. Mteja mdogo wa TANESCO mwenye uniti 75 za mwezi mzima angezimaliza filamu ya nne ikiwa ndiyo kwanza inaonyesha majina ya waigizaji. Kama umemiliki sabufa hiyo mwaka mzima na LUKU haijakulilia, basi umeshajua ukweli, ila hukuwa umeupigia hesabu.

Hizo namba zinatoka wapi? PMPO haina kipimo ambacho viwanda vimekubaliana. Kila mmoja anajipimia: huyu anachukua mshindo wa sehemu ndogo sana ya sekunde bila kujali sauti imekwaruza kiasi gani, yule anazidisha kwa idadi ya spika zote mpaka twita, mwingine anaongeza sifuri kwa sababu jirani yake ameongeza. Ni sawa na kutangaza mwendo kasi wa gari kwa kulipima likidondoka kutoka ghorofani. Marekani walichoshwa na mchezo huu mapema. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ilitunga kanuni inayomlazimu anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani ataje wati inazotoa mfululizo, kwa masharti ya kipimo yanayojulikana. Namba ya aina hiyo ndiyo huandikwa RMS. Boksi lenye PMPO bila RMS limeshakujibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Asiyeamini lebo amwombe fundi afungue. Ndani ya sabufa nyingi za bei ya chini utakuta IC mbili tatu zimefungwa kwenye kipande cha alumini, zimeandikwa TDA2030. Hakuna fundi redio asiyeijua. Kila moja hutoa wati kama 14 kwenye spika ya omu 4. Hata ukiwa nazo nne, jumlisha mwenyewe, kisha itazame ile transfoma uniambie kama inaweza kuzilisha zote kwa pamoja.

Hapo ndipo ninapoulizwa: mbona sasa inapiga mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka? Kwa sababu masikio hayahesabu wati. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3, tofauti unayoisikia bila kushtuka. Sauti ili ionekane kubwa maradufu inahitaji wati mara kumi hivi. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa kama desibeli 88 kwa wati moja, ukiipima mita moja mbele yake. Wati moja! Maongezi ya filamu sebuleni hayadai zaidi ya hapo. Milipuko inadai zaidi, lakini ni makumi ya wati za kweli, si maelfu. Kinachotetemesha vioo ni dundo la hezi 60 mpaka 100, ambalo boksi la mbao na kona ya chumba vinalikuza bila gharama. Ngurumo yenyewe ya filamu hushuka mpaka hezi 30 na chini zaidi, na spika ya inchi tano au sita kwenye kiboksi chepesi haifiki huko hata uiandikie wati milioni.

Na dundo hilo ndilo linaloharibu filamu. Wanaouliza wati ndio hao hao wanaorudi kulalamika: risasi zikilia jirani anagonga ukuta, watu wakianza kuongea hawasikiki, rimoti haitoki mkononi. Kinachotofautisha neno na neno ni konsonanti, na nguvu yake kubwa iko juu, kwenye hezi 2,000 hadi 4,000 hivi. Sauti nzito ikizidi huzifunika. Isitoshe, studio huweka karibu maongezi yote ya filamu kwenye spika ya kati, ile inayokaa chini ya kioo. Sabufa yako yenye vispika viwili haina spika ya kati. Maongezi yanasukumwa pembeni, yanachanganywa na muziki na magari, halafu yanapigwa kwenye sebule ya vigae, kuta tupu na dari ya jipsamu ambako kila neno linarudi mara mbili. Hapo unaniomba wati zaidi. Zitakuongezea fujo ile ile.

Swali la kuuliza ni: maneno yatatokea wapi, na mimi nitakaa wapi? Majibu ni haya.

Ukubwa wa TV. Pima kutoka kichwa cha anayekaa kwenye kochi mpaka ukutani, gawanya kwa 1.6, unachopata ndicho kipimo cha kioo kona kwa kona. Inchi 55 inataka mita 2.2, inchi 65 mita 2.6, inchi 75 mita 3. Kwa picha ya 4K unaweza kusogea karibu zaidi. Usiitundike karibu na dari. Ukiwa umekaa, macho yaangukie chini kidogo ya katikati ya kioo.

Picha. Neno HDR kwenye TV ya bei rahisi mara nyingi maana yake ni kwamba inaipokea HDR, si kwamba ina mwanga wa kuionyesha. OLED ndiyo yenye weusi wa kweli, inafaa kwa anayeangalia usiku. Sebule yenye madirisha makubwa inataka LED yenye mwanga mkali. Ukifika nyumbani toa ile rangi kali ya dukani, weka Movie au Filmmaker, na zima kile kinacholainisha mwendo wa picha. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, ziache zibaki 24.

Sauti. Mwenye hela ndogo achukue amplifaya yenye RMS iliyoandikwa na spika mbili nzuri, azipange kulia na kushoto kwa usawa wa masikio. Wa kati achukue saundiba ambayo namba yake ya chaneli inaanza na 3 au 5, maana hapo kuna spika ya kati. Aichomeke HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, si bluetooth, kwa sababu midomo itatangulia maneno. Mwenye uwezo achukue risiva na spika za 5.1, aikabidhi sabufa sauti zote zilizo chini ya hezi 80. Atmos ya saundiba nyingi hurusha sauti juu ili irudishwe na dari. Mwenye nyumba isiyo na dari bapa asiilipie.

Chumba. Zulia nene, mapazia mazito, makochi ya kitambaa. Itoe sabufa kwenye kona. Ukishindwa kujua pa kuiweka, iweke kwenye kochi unalokaa, washa wimbo wenye besi, tambaa sakafuni ukisikiliza. Besi inaposikika safi bila kuvuma ndipo mahali pake. Watoto watacheka, waache wacheke.

Umeme. Weka kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Umeme ukikatika, chomoa. Wa kurudi ndio unaoua.

Na fedha zikiwa za kugawana, punguza TV kutoka inchi 65 mpaka 55, tofauti yake itie kwenye sauti. Picha ndogo kidogo utaizoea ndani ya wiki. Maneno yasiyosikika hutayazoea.

Siku ya kununua, usimwachie muuzaji achague wimbo, atakuwekea wenye dundo. Nenda na filamu kwenye flashi, chagua kipande ambacho watu wanaongea huku mvua inanyesha. Usipoyaelewa maneno dukani, nyumbani hutayaelewa. Na akikataa kuigeuza sabufa usome lebo ya nyuma, hamia duka la jirani.