Pekupeku: Mzigo Unaohama

Vua raba, kanyaga sakafu ya saruji, kisha kimbia hatua ishirini tu. Huhitaji kocha. Kama walivyo wengi, utajikuta umefupisha hatua, umekunja goti zaidi, na unatua kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Ukishupalia kisigino, maumivu yatakukanya upesi.

Manufaa ya kukimbia pekupeku huanzia kwenye karipio hilo, ambalo soli nene hulinyamazisha. Januari 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowalinganisha wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa, Kenya. Aliyetua kwa kisigino bila kiatu alipata mshindo wa ghafla, wenye nguvu ya mara moja na nusu hadi mara tatu ya uzito wa mwili wake. Kwa waliozoea kukimbia peku na kutua kwa mbele, mshindo huo ulikaribia kutoweka. Ni kama kubwaga gunia la mahindi na kulishusha taratibu: kilo ni zilezile, ila sakafu inajua tofauti. Kisigino kikigonga, unyayo na muundi husimama kwa pamoja, ghafla. Ukitua kwa mbele, kifundo hujikunja, na kigimbi pamoja na kano ya kisigino hupokea uzito kidogo kidogo.

Lakini mzigo haukupotea. Umehama tu, kutoka gotini kwenda kwenye kigimbi na kano. Mwenye goti sumbufu huenda akapata nafuu. Mwenye kano dhaifu amejitafutia balaa. Hapa ndipo wengi walipoumia baada ya kitabu cha Christopher McDougall, Born to Run, kutoka mwaka 2009 na kuwafanya watu wazima, waliovaa viatu maisha yao yote, wavitupe ndani ya wiki moja. Kampuni ya Vibram, iliyouza viatu vyembamba vyenye vidole, ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi kuhusu sifa za kiafya ilizovipa, bila kukiri kosa.

Tena peku haimlazimishi kila mtu atue namna moja. Utafiti wa mwaka 2013 kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao hawakukulia viatuni, ulionyesha kwamba wengi wao hutua kwa kisigino wanapokimbia mwendo wa starehe, na hubadili wanapoongeza kasi. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kisigino ni dhambi.

Na Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia? Alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16. Mwaka 1964 jijini Tokyo alivivaa, akashinda tena kwa 2:12:11. Sisi Waafrika Mashariki tumezoea kuisimulia Roma na kuisahau Tokyo. Watoto waliokimbilia shule peku huko Bonde la Ufa hawakuwa wamechagua falsafa yoyote. Viatu havikuwapo, na pamoja na miguu imara kulikuwa na funza na safura. Walipoanza kushinda zawadi, walinunua raba.

Lipo jambo moja ambalo mguu uliozoea hufaidi bila ubishi mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha pia watu wa magharibi mwa Kenya, ulionyesha kuwa sugu nene ya unyayo haipunguzi hisia za ardhi, tofauti na soli ya mpira. Sugu hulinda ngozi huku mguu ukiendelea kuisoma njia.

Anayetaka kujaribu aanze na dakika tano, kwenye nyasi zisizo na vigae vya chupa, mara mbili kwa wiki, huku akiendelea na raba siku nyingine. Kigimbi kikikaza siku mbili, ni kawaida. Ila maumivu ya sehemu moja juu ya unyayo, yanayozidi ukibonyeza kwa kidole, huenda ni mfupa unaoanza kupata ufa; hapo hata raba haisaidii, acha mbio na umwone daktari.