Kabla ya Kumwambia Kijana Amefeli

Februari 18, 2013, aliyekuwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi wa Tanzania, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000, takriban sita katika kila kumi, walikuwa wamepata daraja la sifuri. Lawama zikaanza palepale: vijana wavivu, walimu hawafundishi, wazazi hawafuatilii.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Pamoja na matatizo mengine ya shule zetu, tume ilibaini kwamba Baraza la Mitihani lilikuwa limebadili utaratibu wa kupanga madaraja. Miaka ya nyuma viwango vya alama vilirekebishwa kulingana na hali ya ufaulu. Mwaka ule vilitumika viwango visivyobadilika, tena bila maandalizi ya kutosha. Mei 3, Waziri William Lukuvi akaliambia Bunge mjini Dodoma kwamba matokeo yamefutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu wa 2011. Kabla Mei haijaisha yakatoka mengine. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, na bado maelfu ya vijana wakatoka kwenye sifuri.

Sitaki kusema kwamba wote walionewa. Hata baada ya marekebisho, zaidi ya nusu walibaki na sifuri, na hapo uhaba wa walimu na maabara una mchango wake. Lakini mtoto aliyesoma miaka minne akijua anapimwa kwa kipimo kimoja, kisha akahukumiwa kwa kingine, ametendewa isivyo haki hata kama angefeli kwa vyote viwili. Na hatukujifunza haraka: mwaka 2014 tukaingia kwenye wastani wa pointi (GPA), mwaka 2016 tukarudi kwenye madaraja ya divisheni.

Kwa vijana wale, angalau Bunge lilipiga kelele. Nani anampigia kelele mwanafunzi mmoja wa chuo? Anasimama mbele ya ubao wa matangazo, anateremsha kidole kwenye orodha ya namba za mtihani, anaikuta yake upande wa waliodisko, yaani walioondolewa masomoni. Alama za kazi za darasani za somo moja hazionekani, ingawa jaribio alifanya na karatasi ya mahudhurio alisaini. Ofisi ya idara inamtuma kwa mhadhiri, mhadhiri anamrudisha idara, na siku za kukata rufaa zinayoyoma. Vyuo vingi hutoza ada ya rufaa. Kwa mtoto wa mkulima ambaye mkopo wake umeshasimama, ada hiyo peke yake inatosha kumfungia mlango.

Hali ni ngumu zaidi anapotuhumiwa kuiba mtihani. Wizi wa mitihani upo na unastahili adhabu kali, maana unamdhulumu aliyekesha akisoma. Kwa sababu hiyohiyo, anayetuhumiwa aonyeshwe kilichokamatwa, apewe muda wa kujieleza, na asiamuliwe na msimamizi yuleyule aliyemkamata. Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Wakenya wamekwenda mbele zaidi: Ibara ya 47 ya Katiba yao ya 2010 inampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu zake kwa maandishi.

Hatudai alama za bure. Tunawaomba wakuu wa vyuo na Baraza la Mitihani watangaze viwango kabla ya mwaka wa masomo kuanza na wasiviguse katikati. Rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakusahihisha karatasi ile, na ada irudishwe mwanafunzi anaposhinda. Nawe mzazi, mwanao akija nyumbani na disko, kabla hujamfokea mwombe barua ya uamuzi na kanuni za mitihani za chuo chake, mkazisome pamoja siku hiyohiyo, kwa sababu muda wa rufaa haungoji.